Hata dripu hawajamtundikia

Kama umewahi kukaa kwenye benchi la nje ya wodi, umelisikia. Linasemwa kwa sauti ya chini, pindo la khanga likiwa mdomoni: "Toka asubuhi tupo hapa, hata dripu hawajamtundikia." Hiyo ndiyo hukumu. Mgonjwa anaweza kuwa ameshatolewa damu ya vipimo, ameshachomwa sindano mbili, daktari ameshampitia mara mbili. Kama hakuna chupa inayoning'inia juu ya kichwa chake, ndugu wanahesabu hajatibiwa. Na chupa ikishatundikwa, familia nzima inashusha pumzi. Watu wanakumbuka kuwa hawajala. Mmoja anatoka kutafuta chai, mwingine anapiga simu kijijini: "Tulieni, ameshawekewa maji."

Mimi ni muuguzi, mwaka wa 23 huu, sehemu kubwa nimeitumikia kwenye wodi za watoto na za wanawake mkoani Tanga. Nataka kuisema hiyo chupa. Lakini itabidi nianze na usiku ambao mimi mwenyewe nilikuwa kama wale wa kwenye benchi.

Mama yangu ana presha ya miaka mingi na moyo uliotanuka. Dawa zake anazijua kwa rangi. Mezani kwetu kikopo cha chumvi hakifiki upande wake, wajukuu wamefundishwa kumpokonya. Miaka michache iliyopita alishikwa na homa, akashinda siku mbili hali chochote, uji vijiko vitatu anasema ameshiba. Kaka yangu, ndiye anayekaa naye, akampandisha bajaji akampeleka zahanati ya jirani. Wakapima. Malaria hakuna, UTI ipo. (UTI siku hizi ipo daima. Bado namtafuta mtu aliyekwenda kupima akaambiwa haipo.) Saa mbili usiku kaka akanipigia: "Dada, wanasema amelegea sana, wanataka kumtundikia dripu apate nguvu. Unasemaje?"

Nilikuwa naingia zamu ya usiku. Wagonjwa 34, wauguzi wawili. Nikasema, "Sawa, wamwekee."

Sikuuliza maji gani. Sikuuliza chupa ngapi, ziishe kwa saa ngapi. Sikuuliza kama kuna mtu amewaambia habari ya moyo. Moyo wangu ulitulia, nikakata simu, nikaenda kupokea ripoti ya zamu.

Walimwekea chupa tatu za nusu lita, maji ya chumvi, yale tunayoyaita salaini. Ya kwanza ilianza saa tatu usiku, ya tatu ikaisha saa tisa. Kaka alikuwa amelala kwenye mkeka chini ya kitanda. Aliamka saa kumi kwa kikohozi. Alimkuta mama amekaa kitako, mikono amekita magotini, mabega yanapanda na kushuka, anasema neno moja kisha anavuta pumzi tatu ndipo apate la pili. Kikohozi kinatoa povu. Kijana aliyekuwa zamu pale alikuwa peke yake usiku ule na watu wa kutosha wa kumkimbiza huku na huku. Sikwenda kumgombeza. Maana yule wa kumgombeza kwanza ningekuwa mimi.

Hospitalini walimkalisha wima, wakampa oksijeni, wakamchoma sindano ya kukojoa. Ndani ya saa chache mfuko wa mkojo ulijaa, ukamwagwa, ukajaa tena. Kufika jioni alikuwa anauliza nani amewapa kuku maji.

Hesabu niliifanya baadaye, kwa kalamu, nyuma ya kadi yake ya kliniki. Salaini ina gramu 9 za chumvi kwa kila lita. Lita moja na nusu ni gramu 13 na nusu, vijiko viwili vya chai na ushee. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku nzima, chakula chote. Sisi tulimpokonya kikopo mezani miaka kumi, halafu kwa usiku mmoja tukammiminia ya siku tatu kwenye mshipa, tena kwa ruhusa ya bintiye muuguzi. Na chumvi haiendi peke yake, inavuta maji na kuyashikilia. Moyo uliochoka haumudu kuyasukuma yote, yanarudi nyuma, na nyuma ya upande wa kushoto wa moyo ni mapafu. Ndiyo lile povu.

Hata jina la maji yale linadanganya. Kitabuni yanaitwa salaini ya kawaida. Damu ya mtu mzima mzima ina sodiamu kama 140 na kloridi kama 100 kwa kipimo cha maabara, wakati chupa ile ina 154 ya kila moja. Ukimpa mtu lita moja kwa sababu ya maana, figo zake zitatengeneza. Ukimpa lita nyingi mfululizo, kloridi ile iliyozidi inaigeuza damu kuwa na asidi. Wala sisemi salaini ni mbaya, naitundika kila siku ya Mungu. Nasema tu si maji ya kisima.

Nimejiuliza sana mapenzi yetu kwa dripu yalitoka wapi, na jibu langu ni kwinini. Mtu yeyote wa umri wangu aliyewahi kulazwa kwa malaria kali anaikumbuka: dawa imechanganywa kwenye chupa ya nusu lita ya maji ya sukari, inadondoka saa 4, unapumzika, baada ya saa 8 tangu ile ya kwanza ianze inatundikwa nyingine. Masikio yanavuma kama umelala kando ya mashine ya kusaga. Mama zetu waliona watoto waliobebwa wamezimia wakifumbua macho chini ya chupa ile. Nani atawaambia kilichomwamsha mtoto ilikuwa dawa iliyomo ndani, na maji yalikuwa gari lake tu? Macho yaliona chupa.

Kisha ikaja sindano ya artesunate. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa watoto 5,425 wa Afrika wenye malaria kali, na Tanzania ikiwemo: waliopata kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopata artesunate asilimia 8.5. Kwa hiyo tukabadilisha. Sasa mgonjwa anachomwa sindano anapofika, baada ya saa 12 nyingine, baada ya saa 24 ya tatu. Dakika chache, kazi imekwisha, hakuna cha kuning'iniza. Ni dawa bora kuliko ile. Na hapo ndipo malalamiko ya kwenye benchi yalipoongezeka. Baba mmoja aliniambia kabisa, "Sista, siku hizi mnatuibia, malaria kali mnatibu kwa bomba la sindano kama la chanjo."

Halafu kuna dripu ya nguvu. Hii inanichekesha na kunikera kwa pamoja. Mtu amechoka, ametoka msibani au kwenye mavuno, anaingia duka la dawa lenye kitanda nyuma ya pazia, anatundikiwa chupa ya maji ya sukari iliyotiwa vitamini mpaka ikawa njano kama soda ya nanasi. Anatoka kifua mbele. Mkojo wake nao unatoka njano vilevile, kwa sababu vitamini isiyohitajika mwili unaimwaga. Na sukari je? Nusu lita ya maji yale ya asilimia 5 ina gramu 25. Chupa moja ya soda ya kawaida ina zaidi ya hiyo, na soda haikutobolei mshipa. Nguvu unayoisikia baada ya dripu ile imetoka kwenye saa mbili za kulala kitandani bila mtu kukuita.

Ingekuwa hasara ya pesa tu ningenyamaza. Lakini maji ya sukari matupu yana ujanja. Mwili ukishaichoma ile sukari, kinachobaki kwenye damu ni maji tu, hayana chumvi yoyote. Ukimpa mgonjwa chupa juu ya chupa, hasa mtoto, hasa aliyetoka kufanyiwa upasuaji au mwenye homa ya mapafu au ya uti wa mgongo, ambaye mwili wake wakati huo unayang'ang'ania maji, chumvi ya damu inashuka. Maji yanaingia kwenye seli za ubongo, ubongo unavimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Kwanza mtoto anatapika, halafu kichwa kinamuuma, halafu anasinzia. Mama anafurahi kwamba mwanawe hatimaye amepata usingizi. Kinachofuata ni degedege.

Nirudi wodini, maana kazi halisi ya dripu haionekani kwenye benchi.

Mpira wa dripu tunaoutumia zaidi unatoa matone 20 kwa mililita 1. Imeandikwa kwenye pakiti yake, na muuguzi asiyesoma pakiti atakuja kuumia, maana ipo mingine ya 15. Kwa hiyo nusu lita ni matone 10,000. Ukiandikiwa ziishe kwa saa 4, ni matone 42 kwa dakika. Kwa saa 8, 21. Unasimama pale, saa yako ya kifuani mkononi, unahesabu matone, unasogeza kigurudumu kinachoubana mpira, kidogo mbele, kidogo nyuma, unahesabu tena. Mpira wa watoto wenye matone 60 una raha yake: idadi ya matone kwa dakika ndiyo idadi ya mililita kwa saa, huhitaji kalamu. Mtoto wa kilo 12 asiyeweza kunywa anahitaji kama mililita 1,100 kwa siku nzima, yaani 46 kwa saa. Maziwa atakayopewa kwa mpira wa puani yatoe humo humo kwenye hesabu.

Umemaliza, umekwenda kitanda cha pili. Mgonjwa wa kwanza anakunja mkono ajikune, matone yanakuwa 10. Anaunyoosha, yanakuwa 60. Kitanda kinashushwa, yanabadilika. Na wapo ndugu. Ndugu wa mgonjwa nawapenda, bila wao wodi zetu zisingekwenda, lakini kile kigurudumu kinawavuta kama redio inavyomvuta mtoto. Saa moja jioni gari la mwisho linaondoka, chupa bado nusu, bwana mmoja mwenye haraka anakizungusha mpaka mwisho "ili iishe twende." Nimekuta mtoto wa kilo 7 amemiminiwa karibu chupa nzima kwa muda wa mimi kwenda kumpokea mgonjwa mapokezi na kurudi. Kope zilikuwa zimevimba kama aliyelia usiku kucha. Tulifunga maji, tukamkalisha, tukamchunga mpaka asubuhi, akapona. Tangu siku ile nabandika plasta ubavuni mwa kila chupa na kuandika saa: hapa iwe saa tatu, hapa saa tano, hapa saa saba. Anayepita, hata mfagiaji, anaweza kuniambia "Sista, ile ya kitanda cha 9 imekimbia."

Nitapita haraka kwenye mkono wenyewe, ingawa wenye mkono hawapiti haraka. Kanula, ule mrija mdogo unaoingizwa mshipani, ikitoka kwenye mshipa maji yanajaa chini ya ngozi, mkono unavimba na kuwa baridi. Ikikaa muda mrefu mshipa unakuwa mgumu kama uzi wa katani, mwekundu, unauma. Hapo itolewe, hata kama "bado inapitisha". Vijidudu vinapenda mlango ulioachwa wazi. Mgonjwa akilalamika kwamba panachoma, mwamini, usimwambie ajikaze.

Mwaka 2009 mpaka 2011 nilikuwa wodi ya watoto. Enzi zile mtoto akifika na homa kali, mikono na miguu baridi, mapigo yanakimbia, kitabu kilisema mpe maji ya haraka, mililita 20 kwa kila kilo, mtoto wa kilo 10 unamsukumia mililita 200 kwa muda mfupi. Tuliita bolasi. Ilikuwa inatoka kwenye miongozo ya nchi zenye vyumba vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia, na hakuna aliyekuwa ameipima vizuri kwa watoto wa huku. Ilionekana akili ya kawaida tu: damu haifiki vidoleni, jaza tangi.

Watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, anayefanyia kazi Kilifi, Kenya, wakaamua kupima. Hospitali 6: Kilifi yenyewe, nne za Uganda, na moja ya kwetu, Teule pale Muheza. Watoto 3,141 kwenye kundi kuu. Wengine walipewa bolasi ya salaini, wengine ya albumini (maji yenye protini ya damu), wengine hawakupewa bolasi kabisa, walipata maji ya polepole ya kawaida na matibabu mengine yote sawasawa na wenzao. Sisi wa hospitali nyingine tulikuwa tunasikia habari kwa wenzetu, na wapo waliowahurumia watoto wa lile kundi la tatu. Nilikuwa mmojawapo. Niliwaza: yaani mtoto anaangaliwa tu?

Januari 2011 kamati ya usalama ikausimamisha utafiti. Ndani ya saa 48 waliopewa bolasi walikuwa wamekufa asilimia 10.5 na 10.6. Wale wa "kuangaliwa tu", 7.3. Katika kila watoto 100 waliomiminiwa maji ya haraka, 3 walikufa ambao bila hayo maji wangeishi.

Nakumbuka nilivyolisikia. Tulikuwa chumba cha dawa, daktari wetu wa watoto akaisoma kwenye simu yake, akanyamaza, akairudia. Kila mmoja wetu alikuwa na mtoto wake kichwani. Mimi nilikuwa na watatu. Huwezi kujua kama ni maji au ni ugonjwa, huwezi kujua kamwe kwa mtoto mmoja, ndiyo maana zilihitajika hesabu za elfu tatu. Cha ajabu zaidi, watafiti walipochunguza vifo vile, kilichozidi hakikuwa kile tulichokiogopa siku zote, mapafu kujaa. Ni mzunguko wa damu wenyewe ulioanguka. Mtoto anaonekana ameitika, saa moja mbili, mapigo yamepata nguvu, unamshukuru Mungu, unakwenda kwa mwingine.

Miongozo haikubadilika upesi. Nadhani mikono ilikataa kuliko vichwa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliandika wazi kwamba mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mzunguko dhaifu wa damu, asiye na zote tatu za mshtuko (pale damu inaposhindwa kuufikia mwili vya kutosha), asipewe maji ya haraka. Na kwa watu wazima, mwaka 2017 zikatoka habari za Lusaka: wagonjwa 209 wenye maambukizi yaliyosambaa mwilini na presha iliyoshuka, wengi wakiishi na VVU. Waliomiminiwa maji mengi mapema kwa utaratibu maalum walikufa asilimia 48. Waliotibiwa kwa busara ya daktari wao, 33.

Sasa wapo wanaosoma haya wakageuka upande wa pili, kila dripu wanaiona sumu. Hao nawapeleka kwenye kambi ya kipindupindu.

Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi, nami nikapangiwa kambini. Vitanda vya turubai vyenye tundu katikati na ndoo chini. Waliletwa watu ambao asubuhi walikuwa sokoni na mchana macho yameingia ndani, vidole vimekunjamana kama vya mfuaji, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama, mapigo mkononi hayapatikani. Utafiti wa Kilifi na Muheza haukuwahusu hawa, na uliwaweka kando makusudi watoto wa kuharisha. Hapa tangi limemwagika kweli. Mtu wa kilo 60 aliyekauka kabisa anahitaji lita 6 za ringa, dripu nyingine ya maji yenye chumvi, kwa saa 3, na karibu lita 2 za mwanzo ziingie kwa nusu saa. Unatoboa mikono yote miwili, unaminya chupa kwa viganja mpaka vinakufa ganzi. Halafu unaona jambo ambalo katika kazi yangu sijaliona kwa dawa nyingine yoyote: maiti anafumbua macho, anajikohoza, anauliza nguo zake ziko wapi.

Aliyeliona kwanza ni daktari wa Scotland, Thomas Latta, kule Leith mwaka 1832, kipindupindu kilipokuwa kinafagia Uingereza. Alimchukua bibi mmoja aliyekwisha kukatiwa tamaa, akamwingizia maji ya chumvi kwenye mshipa. Kwa nusu saa ziliingia painti 6, zaidi ya lita 3, na bibi yule akasema kwa sauti thabiti kwamba hana tena maumivu. Bibi akadhani kinachobaki ni usingizi kidogo tu, naye Latta akaamini mgonjwa wake yuko salama. Akamwachia mganga wa hospitali, akaondoka. Kuharisha kukarudi, hakuna aliyempelekea habari, na saa 5 na nusu baadaye bibi akafa. Latta mwenyewe aliyaandika haya bila kujificha. Huwa nawasimulia wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwa mazoezi, na siku zote wanauliza kuhusu maji, alitumia chumvi kiasi gani. Mara chache sana mmoja anauliza kwa nini aliondoka.

Na hata kambini, mgonjwa akianza kumeza tu tunampa kikombe cha ORS, yale maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, dripu ikiwa bado inadondoka. Pakiti ile watu wanaidharau kwa sababu inauzwa rahisi na inanyweka. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh kule Bangaon, India, chupa za dripu zilimwishia Dk. Dilip Mahalanabis. Akachanganya sukari na chumvi kwenye mapipa, akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilishuka kutoka asilimia 30 mpaka chini ya 4. Nikimpa mama pakiti na kijiko, amnyweshe mwanawe kidogo kidogo kila dakika, ananiangalia kama nimemkatalia huduma. Lakini hesabu ni rahisi: mama mwenye kijiko hawezi kutoka kwenda kutafuta chai.

Mwezi uliopita mama alilazwa tena, safari hii jipu la mguu. Alipasuliwa, akaandikiwa metro ya chupa, dawa ya kuua vijidudu, mililita 100 kila baada ya saa 8. Nilikwenda kumwona nikiwa nimevaa kiraia, nikakaa kwenye kiti kama ndugu wengine. Akaja muuguzi msichana, mgeni kazini, sare bado ina mikunjo ya dukani. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Akatundika ile chupa ndogo, akaunga mpira, akafungua, akageuka aende.

"Mwanangu," mama akamwita. "Hayo ni maji gani, na utarudi saa ngapi? Mimi nina moyo."

Msichana akasimama. Akanitupia jicho, mimi nikaangalia dirishani. Akarudi kitandani, akatoa saa yake, akahesabu matone kwa dakika nzima, akasogeza kigurudumu nyuma kidogo.

"Ni dawa ya kidonda, bibi, maji yake ni kidogo. Nitarudi baada ya nusu saa."

Mama akamwomba mjukuu wake amshikie simu mahali anapoiona saa. Msichana alirudi baada ya dakika 28.